Marekani: Ripita ya mtu ni mali yake, hata kama inakuitikia

Lexington ni mji wa jimbo la Kentucky, nchini Marekani, ambako Wakongomani ni wengi kiasi kwamba Kiswahili kinasikika dukani, shuleni na kanisani. Tuseme baba mmoja wa huko, mzaliwa wa Fizi, ananunua redio mbili za mkononi, zile ambazo watu wengi wa Kivu huziita motorola. Moja anampa mke wake, nyingine anaiweka ndani ya gari. Mwanzoni wanasikilizana vizuri, lakini gari likisha kuvuka mitaa mitatu minne, sauti inakatika. Kijana wao anatafuta kwenye intaneti, anapata orodha ya vituo vilivyo juu ya minara ya karibu, anaingiza tarakimu fulani katika zile redio, na mara mama anasikika kutoka upande wa pili wa mji kama vile yuko kiti cha nyuma.

Siku ya tatu, sauti ya mzee asiyejulikana inaingia katikati ya mazungumzo. Kwa Kiingereza cha upole anauliza: ninyi ni akina nani, na nani aliwapa ruhusa ya kutumia mashine yangu?

Familia hiyo ni ya mfano tu. Swali la mzee ni la kweli, na Wakongomani wanaonunua redio hizi kwa ajili ya safari, mashamba, kazi ya kanisa au usalama wa watoto watakutana nalo siku moja. Wengi wanashangaa: redio nimeinunua kwa pesa yangu, leseni nimelipia, hewa ni ya Mungu, sasa huyu anadai nini?

Anachodai ni mashine. Inaitwa ripita. Ni redio inayowekwa mahali pa juu, kwenye mnara, jengo refu au mlima. Inasikiliza kwenye chaneli moja, na papo hapo inarudisha ile sauti kwenye chaneli nyingine kwa nguvu zaidi. Redio mbili za mkononi, mtu akiwa chini katikati ya nyumba, zinaweza kushindwa kufikiana hata kwa kilometa mbili. Zikipitia ripita iliyo juu, zinafika makumi ya kilometa. Katika huduma inayoitwa GMRS, ambayo ndiyo familia nyingi zinatumia, redio yako inasema kwenye megahezi 467 na kitu, ripita inarudisha kwenye 462 na kitu, tofauti ikiwa megahezi 5 kamili. Chaneli za ripita ni jozi 8 tu kwa nchi nzima, kuanzia 462.550 hadi 462.725, na nguvu haivuki wati 50. Jozi 8 kwa watu wote wa Marekani: ni kidogo sana, na ndiyo maana wanaozitumia wanachungana.

Wazee wa Kongo hawahitaji kufundishwa jambo hili. Miaka ya 1980 na 1990, simu za serikali zilipokufa, mawasiliano ya mbali yalitegemea foni: ya parokia, ya misioni, ya mfanyabiashara mwenye antena juu ya bati. Aliyetaka kumsikia ndugu yake wa Kindu au Kisangani alikwenda kwa mwenye foni, akasalimia, akaeleza shida yake, akangoja zamu. Hakuna aliyeingia kwa padri na kushika maiki bila kubisha hodi. Ripita ni foni ambayo mlango wake hauonekani. Mtu anaweza kuingia akiwa amekaa kitandani kwake, bila kujua kwamba ameingia nyumbani kwa mwingine.

Kosa la baba yule wa mfano linatokana na kuchanganya mambo matatu: leseni, toni, na ruhusa ya mwenye mashine.

Leseni inatoka kwa FCC, tume ya serikali ya Marekani inayosimamia mawasiliano. Kwa GMRS hakuna mtihani. Mtu mwenye miaka 18 au zaidi anajaza fomu kwenye tovuti ya tume, analipa dola 35, na anapewa alama ya wito, yaani herufi na tarakimu zinazomtambulisha hewani, kwa miaka 10. Kanuni haimwombi awe raia wa Marekani. Inamkataza tu mtu anayewakilisha serikali ya kigeni. Hapa kuna jambo ambalo wakimbizi wengi hawaambiwi: jina na anwani ya posta unayoandika katika fomu vinawekwa wazi, yeyote anaweza kuvisoma. Aliye na sababu ya kuficha nyumba yake ni afadhali atumie sanduku la posta.

Leseni hiyo inakuruhusu kusema kwenye masafa. Haikupi mashine ya mtu. Ni sawa na kibali cha kuendesha gari: polisi hawezi kukusumbua barabarani, lakini hakikupi funguo za gari la jirani.

Toni ndiyo inayodanganya watu zaidi. Ripita nyingi haziamki mpaka zisikie, chini ya sauti yako, mlio mdogo ambao sikio haliutambui, mfano hezi 141.3. Ukiingiza toni sahihi, ripita inafunguka na kurudisha sauti yako. Hapo mtu anajisemea: imenikubali. Mashine haijakubali wala kukataa chochote. Toni iliwekwa ili ripita isiamshwe na kelele au na redio za mji mwingine zilizo kwenye chaneli ileile. Redio nyingi za leo, hata za bei ya chini, zinaweza kuitafuta toni zenyewe na kuipata kwa dakika chache. Kama toni ni kufuli, basi ni kufuli ambalo ufunguo wake umening'inizwa mlangoni.

Kuhusu ruhusa, kanuni ya FCC namba 95.1705 iko wazi. Mwenye leseni ya ripita ya GMRS anaweza kumruhusu mtu yeyote kuitumia, au anaweza kuiachia watu fulani tu. Anaweza pia kumkataza mtu fulani, ikiwa anahitaji kufanya hivyo ili atimize wajibu wake. Upande wa redio za ridhaa, wale ambao kwa Kifaransa wanaitwa radioamateurs na ambao wanapita kwanza mtihani, kanuni namba 97.205 inasema vilevile kwamba kuweka mpaka wa watumiaji wa ripita ni halali. FCC imewahi kuwaandikia barua za onyo watu wa redio za ridhaa waliokataa kuondoka kwenye ripita baada ya mwenyewe kuwaambia waondoke. Kwa hiyo mzee aliyeuliza hakuwa anajivuna. Alikuwa anatumia haki iliyoandikwa.

Na ana sababu. Ripita haianguki kutoka mbinguni. Mtu amenunua mashine, antena, kebo nene na vichujio vya kutenganisha sauti inayoingia na inayotoka, vitu ambavyo kwa jumla vinaweza kufika maelfu ya dola. Wengi wanalipia nafasi kwenye mnara kila mwezi, wanalipa umeme, na radi ikipiga wanaanza upya. Hakuna mshahara. Ni watu wa kawaida, mara nyingi wastaafu, wanaotumia pesa ya mfukoni kwa sababu wanapenda redio au wanaogopa siku ambayo simu zitakatika.

Zaidi ya pesa kuna wajibu. Mwenye leseni ya GMRS ndiye FCC itakayemwuliza juu ya namna kituo chake kinavyofanya kazi. Matusi yakipita pale, muziki ukipigwa pale, mtu akitoa habari ya uongo pale, barua inakwenda kwa mwenye mashine. Ndiyo sababu wengi wanataka kujua nani yuko hewani kabla hajabonyeza. Si lazima wakuchukie. Wanataka jina la kuweka kwenye daftari.

Lakini haki ya mwenye ripita ina mwisho wake, na baadhi yao wanasahau. Mashine ni yake, chaneli si yake. Zile jozi 8 ni za wote wenye leseni. Mtu akiweka ripita kwenye 462.600 hawezi kuwafukuza jirani wawili wanaozungumza moja kwa moja kwenye 462.600 bila kupitia kwake. Anaweza kuomba wasiingiliane, na wao wanaweza kumwomba vilevile. Wapo wenye ripita wanaojifanya chifu wa masafa, wanaomtisha kila mgeni, hasa mgeni ambaye Kiingereza chake kina lafudhi. Hao hawana kanuni nyuma yao. Mkongomani aliye na leseni na asiyetumia mashine ya mtu hana haja ya kuogopa sauti hiyo. Anajibu kwa heshima, anataja alama yake ya wito, anaendelea.

Si kila ripita imefungwa. Nyingi zimeandikwa katika orodha za wazi, kama ile ya RepeaterBook au ya myGMRS, na mwenyewe ameongeza maneno kwamba kila mwenye leseni anakaribishwa. Hiyo ni ruhusa, hakuna haja ya kuomba tena, ingawa salamu ya kwanza haimuumizi mtu. Nyingine zimeandikwa kwamba ruhusa inahitajika. Hapo ni kuomba na kungoja. Ya tatu ndiyo yenye utata: ripita iko hewani, toni inajulikana, lakini mwenyewe hajaandika lolote. Watu wa redio wanabishana sana juu yake. Wengine wanasema asiyekataza amekubali. Wenye busara wanauliza kwanza, kwa sababu kuuliza kunachukua dakika tano, na kufukuzwa hewani mbele ya watu wote ni aibu ya mwaka mzima.

Kuna pia desturi ya wasafiri. Toka zamani, chaneli ya 462.675 yenye toni ya 141.3 imechukuliwa na wengi kama njia ya msafiri anayehitaji msaada. Ni mazoea, si sheria, na si kila mahali inaitikiwa. Dereva wa lori anayevuka majimbo manne kwa siku hawezi kuandikia kila mwenye ripita njiani. Anayetumia ripita ya wazi kuuliza hali ya barabara kwa nusu dakika, akataja alama yake na kushukuru, ni nadra apate maneno mabaya.

Kuomba kwenyewe si kazi ngumu. Ripita nyingi zinajitaja zenyewe, kwa sauti au kwa milio ya Morse, na alama hiyo ukiitafuta katika kumbukumbu za wazi za FCC inakuonyesha mwenyewe ni nani. Katika orodha za myGMRS kuna hata mahali pa kutuma ombi moja kwa moja. Barua iwe fupi, kwa Kiingereza cha kawaida, na iseme mambo ambayo mwenye nyumba yeyote angetaka kujua: jina lako, alama yako ya wito, mtaa unaokaa, unataka kuitumia kwa nini, watu wangapi wa familia watasikika, na mara ngapi. Mfano wa maneno: "Naitwa fulani, alama yangu ni hii. Ninakaa kusini ya mji pamoja na mke wangu na watoto wawili. Tungependa kutumia ripita yako jioni, dakika chache, tukiwa barabarani. Kwa kawaida tunazungumza Kiswahili. Ukiona shida yoyote, niandikie hapa." Halafu unangoja. Kimya si ndiyo. Ukikaa wiki mbili bila jibu, andika mara ya pili, au tafuta ripita nyingine.

Sentensi ile ya Kiswahili isiachwe. Hakuna kanuni ya FCC inayomkataza mtu kuzungumza lugha ya mama yake hewani. Kinachokatazwa ni maneno ya siri, yaani kuficha maana makusudi, na Kiswahili, lugha ya mamilioni ya watu, si siri. Ila alama ya wito yenyewe lazima itajwe kwa Kiingereza, au kwa Morse. Katika GMRS inatajwa mwisho wa mazungumzo, na kama yanaendelea, angalau kila dakika 15. Kwa redio za ridhaa ni kila dakika 10 na mwishoni. Mwenye ripita asiyeelewa hata neno moja la mnayosema, na ambaye FCC itamwuliza yeye, anatulia sana akisikia ile alama kwa wakati wake. Asipoisikia, anaanza kufikiri mabaya. Hapo ndipo familia nyingi za wageni zinakosa: hawana nia mbaya, wanasahau tu kujitaja, na kwa mwenye mashine mtu asiyejitaja na anayesema lugha isiyojulikana ni mwizi mpaka athibitishe vingine.

Leseni moja ya GMRS inafunika familia, na familia hapa haikupimwa kwa kipimo cha wazungu cha baba, mama na watoto wawili. Kanuni inataja mke au mume, watoto, wajukuu, watoto wa kambo, wazazi, babu na bibi, kaka na dada, mashangazi, wajomba, wapwa na hata mashemeji na wakwe. Mkongomani akisoma orodha hiyo anaweza kufikiri imeandikwa Bukavu. Wote hao wanatumia alama moja ya wito. Lakini ruhusa ya mwenye ripita ni jambo la pembeni: aliyekubali sauti mbili hajakubali ukoo wa watu ishirini. Ndiyo maana idadi inaandikwa katika ombi tangu mwanzo.

Kanisa ndiyo hadithi nyingine. Vikundi vingi vya waumini vinanunua redio kwa ajili ya wanaopanga magari, wanaolinda mlango na wanaoongoza kwaya. Kanisa, shirika au kampuni haliwezi leo kupata leseni mpya ya GMRS. Leseni ni ya mtu. Muumini mmoja akiwa na leseni, haimfuniki jirani yake wa kiti cha kanisa, hata kama wanaitana ndugu kila Jumapili. Kila mmoja achukue yake. Au, na hili ndilo linalofaa zaidi kwa uwanja wa kanisa, watumie redio za FRS, ambazo hazihitaji leseni kabisa. Nguvu zake ni wati 2 kwa chaneli nyingi na nusu wati kwa nyingine, zinatosha kutoka mlangoni hadi mwisho wa parking. Redio za FRS haziruhusiwi kupitia ripita, kwa hiyo ugomvi wote unaisha hapo. Kumwamsha mzee wa mnara wa kilometa thelathini ili kumwambia shemasi asogeze gari ni matumizi mabaya, na yeye ataona hivyo.

Baada ya kuruhusiwa, mengi yaliyobaki ni adabu ambayo mtu aliyelelewa vizuri anayo tayari. Unasikiliza kabla ya kusema, maana ukiingia juu ya wengine, ripita inatoa kelele na hakuna anayesikia. Unaacha nafasi kidogo kati ya sentensi yako na ya mwenzako, ili mwenye haraka aweze kuingia. Hubonyezi na kuachia kitufe bila kusema neno, eti kujaribu kama ripita ipo. Hiyo inawaudhi watu kuliko matusi, kwa sababu mtu kila mara anasikia mlango unagongwa na hakuna anayesimama nje. Husemi kwa muda mrefu bila kupumua: ripita nyingi zina saa ndani inayokata sauti baada ya dakika chache. Ukiwa karibu na mwenzako kiasi cha kusikilizana moja kwa moja, mnaondoka kwenye ripita na kuzungumza kwenye chaneli ya kawaida. Na habari za nyumba, deni, karatasi za uhamiaji, namba ya benki, havisemwi pale. Kila mtu wa mji mwenye redio ya dola 30 anasikia, wakiwemo Wakongomani wengine.

Mambo ya biashara yanatofautiana. GMRS inaruhusu mwenye leseni kuitumia kwa shughuli zake za kazi. Redio za ridhaa haziruhusu kuzungumza biashara ya kukuletea pesa. Hata hivyo mwenye ripita ya GMRS anaweza kusema hataki kusikia mambo ya mizigo na bei kwenye mashine yake, na hapo hakuna pa kukata rufaa.

Akikukataza, unaondoka. Siku hiyohiyo, bila kusema neno la mwisho hewani. Anayeamini ameonewa anaweza kuandika, anaweza kutafuta ripita nyingine, anaweza pia kusimika yake, maana leseni ile ya dola 35 inampa haki ya kufanya hivyo. Wapo watu waliounganisha pesa kidogo kidogo na kuweka mashine yao juu ya ghala la rafiki. Jumuiya ya Wakongomani inayokusanya mchango wa matanga kwa jioni moja haiwezi kushindwa na hilo. Mmoja mwenye leseni ndiye atakayewajibika, na wengine kila mmoja na yake.

Kinachofanya watu wajali mambo haya kwa uchungu kilionekana tarehe 27 Septemba 2024. Mvua na upepo wa kimbunga Helene viliikumba magharibi ya jimbo la North Carolina. Barabara zilikatika, umeme ukazima, simu zikanyamaza katika wilaya nzima za milima. Zaidi ya watu 100 walikufa katika jimbo hilo. Juu ya Mount Mitchell, mlima wa mita 2,037, mrefu kuliko yote mashariki ya mto Mississippi, kulikuwa na ripita ya watu wa redio za ridhaa. Ilibaki hewani. Kwa siku nyingi ilipitisha majina ya wasiojulikana walipo, maombi ya dawa, ya oksijeni na ya maji, habari za njia zilizo wazi na zilizozikwa. Watu walijipanga, mmoja akiongoza nani aseme na nani angoje. Ilifanya kazi kwa sababu ya wale waliojua kunyamaza.

Katika hatari kama ile, swali la ruhusa linabadilika. Kanuni za GMRS zinasema kila chaneli inaweza kutumiwa kwa mawasiliano ya dharura, na kila mtumiaji lazima ayape nafasi ya kwanza wakati wote. Za redio za ridhaa hazikizuii kituo kutumia njia yoyote iliyonayo pale maisha ya mtu yako hatarini na njia za kawaida hazipo. Mama anayejifungua, gari lililobebwa na mto, moto ndani ya nyumba: bonyeza, sema uko wapi, sema shida ni nini. Hakuna mwenye ripita wa kweli atakayekuuliza leseni saa hiyo.

Lakini dharura si neno la kufungulia kila mlango. Mwaka 2022, FCC ilipendekeza faini ya dola 34,000 kwa mtu wa jimbo la Idaho, mwenye leseni ya ridhaa, ambaye mwaka 2021 aliingia kwenye masafa ya wazima moto wa misitu wakati wako kazini. Alisema alitaka kuwasaidia. Masafa yale yalikuwa ya serikali na si ripita ya mtu binafsi, ila waliokuwa chini wakipigana na moto hawakuwa wamemwomba.

Kwa wale wanaopanga kuja likizo Goma, Bukavu au Lubumbashi na kubeba redio zao kama zawadi, jambo moja zaidi. Leseni ya FCC haivuki bahari. Kongo ina sheria yake ya mawasiliano, namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020, na redio ya kupeleka sauti inahitaji kibali cha hapa. Masafa ambayo kule Kentucky ni ya familia, huku yanaweza kuwa yamegawiwa mtu mwingine kabisa. Na katika maeneo ya vita, askari anayekuta redio mbili zenye antena ndani ya begi la mgeni hatauliza kwanza kama ulikuwa unaongea na shangazi yako. Redio hizo zibaki Marekani, au kibali kitafutwe kabla ya tiketi.

Na baba yule wa Lexington? Kama yupo mwenye kufanana naye, jibu zuri kwa mzee ni fupi: samahani, hatukujua, alama yetu ya wito ni hii, tunaondoka sasa hivi, na jioni nitakuandikia kuomba ruhusa. Wengi wa wazee hao, wakisikia hivyo, hujibu hapohapo kwamba mnaweza kubaki.